Puigdemont hakupigiwa kura awe kiongozi wa uhuru wa Catalonia

Watu wengi wanadhani Carles Puigdemont aligombea urais wa Catalonia, jimbo la Hispania, akashinda, ndo akatangaza uhuru. Hapana, haikuwa hivyo kabisa.

Jamaa alikuwa mwandishi wa habari, baadaye meya wa Girona kuanzia 2011. Uchaguzi wa Septemba 2015, mgombea urais wa jimbo alikuwa Artur Mas, aliyekuwa rais wakati huo. Muungano wao wa kutaka uhuru ukapata viti 62 bungeni, wingi ni 68, kwa hiyo ikabidi wabembeleze CUP, kachama ka mrengo wa kushoto kenye viti 10, na hao wakakomaa kwamba Mas hatumtaki. Mazungumzo yakavutana miezi mitatu mpaka Januari 2016, zikiwa zimebaki siku chache tu uchaguzi mpya uitishwe, Mas akakaa pembeni akamtaja meya wa Girona. Yaani kiti alikipata dakika za lala salama!

Na lile tangazo la uhuru nalo watu wanalichanganya. Tarehe 10 Oktoba 2017 alisimama bungeni akasema, kwa matokeo ya kura ya maoni kuhusu uhuru, anapokea agizo la wananchi kwamba Catalonia iwe nchi huru, halafu baada ya sekunde chache tu akaomba utekelezaji usimamishwe ili kuwe na mazungumzo na Madrid, yaani serikali ya Hispania, nje watu walishaanza kushangilia, wakabaki wanatazamana. Bunge la Catalonia ndo lilikuja kuupigia kura uhuru tarehe 27, na siku hiyohiyo Madrid ikamtoa madarakani, siku chache baadaye yuko Ubelgiji.