Jina kutokuwepo Naliendele si ushahidi kwamba alitoroka

Julai 25, Siku ya Mashujaa, imepita, na nimeulizwa tena. Kijana kaenda Makaburi ya Mashujaa Naliendele, hapa Mtwara, hakuliona jina la babu yake, karudi kijijini kuwaeleza wazee, nao wakamjibu: kama hayupo, basi alitoroka jeshini. Akaja kwangu ananong'ona, kama mtu aliyegundua doa kwenye ukoo. Nimechoka kulisikia hili. Nalijibu hapa kwa urefu ili atakayelisema tena asomewe.

Kazi yangu ni kukusanya majina ya watu wa Mtwara na Lindi waliokwenda vitani wasirudi. Natumia makaratasi ya jeshi, rejista za misheni, barua za zamani na masimulizi ya wazee.

Tuanze na Naliendele penyewe. Pale wamelazwa wapiganaji wa JWTZ waliofia Msumbiji. Rais wa Msumbiji Samora Machel alipofariki kwenye ajali ya ndege Oktoba 19, 1986, Tanzania ilipeleka wanajeshi kusaidia kuwazuia waasi wa RENAMO, wakakaa huko hadi 1988. JWTZ ni jeshi la nchi nzima na vikosi vyake havikuundwa kimkoa. Aliyelala Naliendele anaweza kuwa mtu wa Mara au wa Dodoma. Yuko kwetu kwa sababu vita ile ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma. Kwa hesabu hiyohiyo, mtoto wa Newala aliyekufa katika vita ya Kagera ya 1978 na 1979 anatafutwa Kaboya, wilaya ya Muleba, mwisho kabisa mwa nchi. Makaburi yanafuata vita ilikopiganwa. Sasa wewe unamtafuta babu aliyekufa Uganda kwenye makaburi ya waliofia Msumbiji, unamkosa, halafu unamwita mtoro?

Waliokwenda na Keya, jeshi la Mwingereza la Waafrika (King's African Rifles), vita ya pili ya dunia wako mbali zaidi. Waliopigana bonde la Kabaw mwaka 1944 na miili yao isionekane, ukumbusho wao uko Taukkyan, Burma. Waliozama na meli Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Wajapani Februari 12, 1944 karibu na Maldives ikitoka Mombasa kwenda Colombo, wamekumbukwa Nairobi. Watu karibu 1,300 walikufa siku ile, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hakuna kati yao utakayemkuta Naliendele, hata ukizunguka siku nzima.

Na vita ya kwanza? Pigano la Mahiwa, huku kwetu Lindi karibu na Nyangao, lilipiganwa katikati ya Oktoba 1917 likaisha tarehe 18. Wajerumani na Waingereza wote walipigana kwa migongo ya Waafrika: askari pande zote mbili, na nyuma yao wapagazi waliobeba risasi na unga hadi wakaanguka. Upande wa Uingereza peke yake wapagazi karibu laki moja walikufa katika vita ile, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Makaburi ya wazungu yaliwekewa majina. Ya wenyeji mengi yaliachwa makusudi yarudi porini, kwa uamuzi ulioandikwa ofisini. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa. Mtu akiniambia "jina halipo, basi hakuwepo", namkumbusha hesabu hiyo.

Linalonikera kuliko yote ni kwamba mara nyingi jina LIPO, ila msomaji halijui.

Mwanamume wa huku kwetu aliyezaliwa 1920 alikuwa na majina mangapi? Alikuwa na jina la utotoni. Akatoka jandoni na jina jipya, na la zamani ikawa mwiko kumwita. Akasilimu au akabatizwa, akapata la tatu. Alipofika mbele ya karani wa jeshi, karani ambaye hakuwa Mmakonde wala Mmwera aliandika alichokisikia. Chilumba akawa Kilumba. Selemani akawa Suleman, Sulemani, Seleiman. Nimeshika karatasi moja iliyokunjwa mara nne, imetoboka kwenye mikunjo, ambayo mtu huyohuyo ameandikwa kwa tahajia mbili tofauti, moja juu na nyingine karibu na dole gumba lake chini. Karani hakurekebisha. Mwenye dole hakujua kusoma.

Kisha anaulizwa baba yake nani. Huku ukoo unafuata mama. Anayemwoza, anayemsimamia, anayepelekewa habari zake ni mjomba. Wengine walimtaja mjomba, wengine baba aliyewazaa, wengine kaka mkubwa aliyekuwa amesimama naye kwenye foleni. Leo wajukuu wanatafuta kwa jina la babu mzaa baba, kwa sababu shule na kitambulisho vimewazoesha hivyo, na mtu wao yuko kwenye orodha kwa jina la mjomba wake.

Halafu mahali. Mtu wa Nachingwea aliyeandikishwa zama za Mwingereza yuko chini ya Jimbo la Kusini. Kwenye makaratasi ya miaka ya sitini yuko Mtwara. Baada ya Lindi kuwa mkoa wake mwaka 1971, yuko Lindi. Kijiji alichokitaja huenda hakipo tena: operesheni ya vijiji ilihamisha watu, na waliokaa kandokando ya Ruvuma walihama pia kwa mabomu ya Wareno. Nikiletewa jina la kijiji cha sasa peke yake, sina pa kuanzia. Muulizeni bibi mlikuwa mnakaa wapi kabla ya kuhamishwa.

Watoro walikuwepo, sikatai. Wapagazi wengi wa vita ya kwanza walikimbia, na mtu aliyekamatwa shambani kwake akafungwa kamba kupelekwa vitani mimi simlaumu. Lakini jeshi haliwasahau watoro. Anayetoroka anasimamishiwa mshahara, anatafutwa, anaandikwa. Anayesema fulani alitoroka atafute maandishi hayo kama mimi ninavyotafuta ya kifo.

Kuhusu waliopotea, kazi hii ina upande ambao sijui kuufanya sawasawa. Mwili haukurudi. Mke hajui aanze lini eda, ndugu wanaogopa kusoma hitma ya mtu ambaye labda yu hai, na shamba la mikorosho linabaki bila kugawanywa. Vita havijaacha kuleta hali hiyo. Desemba 7, 2017, kambi ya wanajeshi wetu Semuliki, Kongo, ilivamiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu 15 waliouawa, na mmoja hakujulikana alipo. Kwenye masimulizi ya zamani, vijiji vilivyo mbalimbali vinanipa habari ileile: "alizama na meli." Wengine ni kweli walizama. Wengine nadhani familia iliazima habari ya jirani, kwa kuwa bahari angalau inatoa jibu. Kuwatenganisha siwezi kila mara, na kumwambia bibi wa miaka tisini kwamba kaka yake huenda hakupanda meli ile, sijaona faida yake. Naliandika jina, na pembeni naweka: kwa kauli ya dada yake. Wapo wenzangu wanaosema kauli ya namna hiyo isiingie kwenye orodha. Bado tunabishana.

Mkitaka nisaidie, nileteeni jina la jandoni, jina la mjomba, kijiji cha zamani, na namba ya jeshi kama ipo. Medali za Uingereza za vita ya kwanza zina jina na namba ukingoni, zigeuzeni mwone. Nyingi za vita ya pili hazina. Picha tazameni nyuma. Na makaratasi, nawasihi, msiyapeleke stesheneri kupigwa lamineti. Moto ule unayaharibu na hayatoki tena. Yapigeni picha kwa simu juani, kila upande, kisha yarudisheni kwenye bahasha kavu.