Kiharusi: seli za ubongo hazifi zote kwa mpigo

Kila ikikaribia Oktoba 29, Siku ya Kiharusi Duniani, maswali yanayotufikia hospitalini ni yale yale: karogwa? Ni upepo mbaya? Tumtoboe vidole damu itoke? Hapana, hapana, na tafadhali msimtoboe.

Damu ikiganda na kuziba mshipa wa ubongo, seli za katikati ya eneo lililokosa damu hufa ndani ya dakika chache. Hata jeni zao za ulinzi (maagizo ya seli ya kutengeneza protini) zikiwaka, protini haitengenezwi, kwa kuwa nishati imekwisha. Pembezoni mwa eneo hilo ni habari nyingine. Huko damu kidogo bado inapenya kupitia mishipa jirani. Seli zimezimia, hazijafa. Jeni ya c-fos huwaka mapema, hufuata HSP70 inayonyoosha protini zilizoharibika, na HIF-1 inayohisi uhaba wa oksijeni huamsha VEGF ili mishipa midogo ichipue. Wakati huohuo protini ya Bax hutoboa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, kisha kimeng'enya kaspasi-3 huikatakata seli kutoka ndani, isipokuwa protini ya ulinzi Bcl-2 iwahi kuizuia Bax. Damu ikirudi mapema, waokoaji hao (HSP70, HIF-1, VEGF na Bcl-2) wana nafasi. Jeni hizi kila mtu anazo, lakini huwaka kiharusi kikishatokea, kwa hiyo "kwetu hakuna kiharusi" si kinga. Wala hakuna kidonge cha dukani kilichothibitishwa kuziwasha.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5, baada ya CT-skani (picha ya ndani ya kichwa) kuonyesha kuwa ubongo hauvuji damu. Saa huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyelala mzima saa 4 usiku akaamka amepooza saa 12 asubuhi, tunaandika saa 4 usiku. Ndugu wa kisiwa cha Ukerewe wanaosubiri kikao cha ukoo kwanza wanaiacha feri iondoke na muda huo.

Uso umepinda, mkono umelegea, usemi umevurugika: mpelekeni hospitali. Akitapika au akizimia, mlazeni ubavu. Msimpe uji, maji wala aspirini. Koo linaweza kuwa limepooza, na aspirini ni hatari kama ubongo unavuja damu. Vidonge vyake vya presha msimwongezee "ili ishuke": presha hiyo ndiyo inayosukuma damu hadi pembezoni, na ikishuka ghafla seli zilizozimia hufa. Kuipunguza ni kazi yetu, baada ya picha.

Mapokezi tutauliza saa aliyoonekana mzima, kama ana kisukari, na kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Njooni na vidonge vyenyewe kwenye pakiti zake. "Vile vyeupe vidogo" havitusaidii.