Punda wa sentimita 3

Mezani kwangu wamesimama punda watano, na aliye mrefu kuliko wenzake ana sentimita 3 kutoka kwato hadi bega. Ni wa diorama, yaani mandhari ndogo ya kuigiza, ya ufuko wa Lamu, skeli ya 1:35: sentimita 35 za kweli zinakuwa sentimita 1. Jahazi limefunga, mchanga na mawe ya matumbawe yanashushwa, na punda wanasubiri kuupeleka mzigo ndani, kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti. Kwa skeli hii vifaru vya kivita na askari wa plastiki wanauzwa tele. Punda mwenye shogi, yaani kikapu cha mzigo, mgongoni sijamwona dukani, kwa hiyo nafinyanga wangu.

Punda wa kwanza nilimfanyia kazi wiki nzima. Nilimchora manyoya mwili mzima, nikampa hata kope. Kisha nikampeleka kwa mjomba wangu, mtu aliyekua na punda tangu utotoni. Akamgeuza kiganjani, akavaa miwani, akamtazama tena. "Mjomba," akaniambia, "huyu mbona hakubeba kitu?" Shogi lilikuwa limejaa mchanga pomoni, lakini mgongo ulikuwa wa punda mwepesi na miguu minne imenyooka kama ya meza. Tangu siku ile, kabla ya jambo lolote najiuliza uzito wa mnyama unashukaje hadi ardhini. Hilo likikaa sawa, mtazamaji anamwamini hata kama hana unyoya mmoja.

Hesabu kwanza. Punda wangu nimempa sentimita 105 begani. Gawanya kwa 35, unapata milimita 30. Sikio la sentimita 21 linakuwa milimita 6. Mfupa ule mwembamba wa mguu wa mbele, wenye upana wa sentimita 3 na nusu, unabaki milimita 1 tu, na hapo ndipo wengi hukosea: waya ulio mfupa wa ndani ukiwa mnene, puti, lile donge la kufinyangia linaloganda, inakosa pa kukaa, na mguu unavimba. Mimi huchuna waya wa umeme wa milimita za mraba 1.5 wenye nyuzi 7. Kila uzi wa shaba una unene wa kama nusu milimita, na unapinda bila kukatika. Namchora mnyama kwa ubavu kwenye karatasi, ukubwa uleule, nalaza waya juu ya mchoro na kuupinda kwa koleo ya mdomo mwembamba.

Mguu wa nyuma ndio mtihani. Kile kiungo cha katikati kinachopinda kwenda nyuma watu hukiita goti, kumbe ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na nyama ya paja. Jaribu mwenyewe: simama kwa ncha za vidole, visigino juu, kunja magoti kidogo. Huo ndio mguu wa punda, ila yeye amesimama kwa kidole kimoja, na kwato ni ukucha wake. Kwa hiyo waya unataka mikunjo mitatu: goti kwenda mbele, kisigino kwenda nyuma, na mkunjo mdogo juu ya kwato. Ukisahau mmoja, mguu unakuwa nguzo.

Punda anayesubiri hupumzisha mguu mmoja wa nyuma. Ncha ya kwato inagusa chini kidogo tu, nyonga ya upande huo inashuka, na ile ya upande unaobeba mwili inapanda. Kwenye punda wangu tofauti ya nyonga hizo haifiki milimita 1, na bado jicho linaishika ukiwa hatua mbili kutoka mezani. Mwenye mzigo naye hunyoosha shingo mbele, kichwa kikashuka usawa wa bega.

Kiini cha mwili nakijaza kwa puti ya epoksi ya mafundi bomba, ile ya kijiti inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Inaganda kwa dakika chache, haifai kabisa kwa uso, lakini inashika waya barabara. Juu yake naweka Green Stuff na Milliput, puti mbili za epoksi za kufinyangia, kila moja ya sehemu mbili zinazoganda zikikutana, nilizozichanganya nusu kwa nusu. Green Stuff peke yake inavutika vizuri, ila ikishaganda inabaki kama mpira na haikubali msasa. Milliput inakubali msasa na inalainika kwa maji, lakini sehemu nyembamba zinavunjika upesi. Zikiwa pamoja zinasaidiana. Ukinunua Green Stuff ya utepe, ule mstari ambapo buluu na njano zimegusana ukate uutupe. Pameshaanza kuganda, na vipunje vyake vitatokeza shavuni mwa mnyama wakati huwezi tena kuviondoa.

Muda ulioandikwa kwenye pakiti usiutegemee kwa joto la Mombasa, maana joto huharakisha kuganda. Nachanganya alfajiri, donge la harage moja, na kufanya sehemu moja tu: leo paja, kesho shingo. Ukitaka mwili wote siku moja, kidole kinachotengeneza bega ndicho kitakachoponda nyonga.

Sikio nalitengeneza peke yake. Nachukua puti kama punje ya mchele, naibonyeza kwa sindano butu iliyopakwa vaselini mpaka katikati ikabonyea kama mtumbwi. Naiacha kama nusu saa, hadi isimame bila kulegea, ndipo naipandikiza kichwani. Nampa sikio moja la kuelekea mbele na jingine linalosikiliza nyuma, alipo mwenye fimbo.

Manyoya nayachora sehemu tatu tu: singa fupi za shingoni zinazosimama wima, kishungi cha ncha ya mkia, kwa kuwa mkia wa punda unafanana na wa ng'ombe kuliko wa farasi, na chini ya taya. Kwingine nalainisha. Ule mstari mweusi wa mgongoni unaokatiza mabegani nauachia brashi.

Vaa glovu za nitrili. Nilifanya kazi mikono mitupu kwa miaka miwili, vidole vikaota vipele, na mzio wa epoksi ukishakuingia kwa kawaida hauondoki. Msasa nao utumie na maji, na barakoa usoni.

Waya wa kila mguu nauacha utokeze milimita 5 chini ya kwato. Natoboa matundu kwenye ubao, napaka puti laini iliyochanganywa na mchanga uliochekechwa, na kabla haijaganda nampandisha punda mahali pake. Kisha namkandamiza kwa kidole kimoja mgongoni, polepole, mpaka mchanga uinuke kidogo pembeni mwa kwato tatu. Ya nne, ya mguu uliopumzika, inaacha alama ya ncha tu.