Ada ya mwaka ya gari ilihamia kwenye mafuta

"Ukishasajili gari, umemalizana na serikali." Kauli hii imezoeleka Tanzania tangu ada ya mwaka ya leseni ya magari ifutwe kwenye bajeti ya 2017/18. Ni kweli nusu tu. Bajeti hiyohiyo ilipandisha ada ya usajili wa mara ya kwanza, ikaongeza na ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Ukijaza lita 30, umeshatoa 1,200 pale pale sheli. Bodaboda anayezunguka kutwa anachangia kila siku. Gari bovu lililolala gereji halidaiwi tena. Ila bibi mwenye kibatari naye analipa, na hana hata baiskeli! Bima ni malipo mengine kabisa.