Seva Ikinyamaza, Usikimbilie Kuongeza Sekunde

Ansible, programu ya kusimamia seva nyingi kwa mbali kupitia ssh (njia salama ya kuingia na kuamuru mashine ya mbali), ikishindwa kufika kwenye seva na kukuandikia UNREACHABLE, pamoja na maneno "Connection timed out", wengi mkono hukimbilia ansible.cfg, faili ya mipangilio yake. Muda wa kungoja wa kawaida ni sekunde 10. Mtu anaweka 60. Ikigoma, anaweka 300. Sasa hata seva iliyozimwa kabisa utaingoja zaidi ya dakika nzima ndipo uambiwe haipatikani.

Nahudumia hoteli kadhaa za Malindi na Watamu. Seva zao ziko Frankfurt na sisi tuko huku, kwa hiyo kila pakiti inapokwenda na kurudi hula zaidi ya milisekunde 100. Umbali huo, hata hivyo, hauwezi kumaliza sekunde 10. Ukiona zimeisha, kuna jambo jingine.

Kwanza tofautisha kukataliwa na kunyamaziwa. Ukipiga hodi ukajibiwa "hatupokei wageni", angalau umejua mwenyewe yupo. Ndiyo "Connection refused": mara nyingi mashine iko hai, ila hakuna kinachosikiliza kwenye porti hiyo (mlango wa mtandao unaougonga), pengine sshd, programu inayopokea miunganisho ya ssh, imeanguka au imehamishwa kutoka porti 22. Kimya ndicho kibaya. Seva huenda imezimwa, anwani umekosea, au faiawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) inazimeza pakiti zako bila kusema neno. Mimi huangalia faiawoli kwanza, hasa kama imewekwa kuruhusu anwani ya ofisini peke yake na leo unatumia modemu ya simu ukiwa Shela.

Kujua umekwama wapi, endesha ssh -vvv usome mstari wa mwisho. Ikisimama kwenye "Connecting to", huna njia ya kufika. Ikifika "Connection established" halafu ikanyamaza, njia ipo. Tazama seva iliyolemewa. Na ikikwama kwenye "expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY", shuku MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja), hasa ukipitia VPN: pakiti ndogo zinapita, kubwa zinapotea njiani. Shusha MTU ya kompyuta yako hadi 1400 ujaribu tena. Hapa kuongeza muda wa kungoja hakusaidii hata chembe.

Ugonjwa unaosumbua zaidi huku kwetu ni muunganisho unaokufa katikati ya kazi. Unasasisha vifurushi, seva inachapa kazi kimyakimya, hakuna pakiti inayopita. Mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na jedwali la kukumbuka nani ni nani hufuta mstari wa aliyenyamaza. Linux yenyewe, ikiachwa ilivyo, hungoja sekunde 7200 kabla ya kuuliza kama mwenzake yupo. Saa mbili! Jedwali limeshakusahau zamani.

Dawa yake ni ServerAliveInterval 30 na ServerAliveCountMax 10. Kila nusu dakika ssh inatuma ujumbe mdogo, na inakata tamaa baada ya kama dakika tano bila jibu. Iandike kwenye ~/.ssh/config. Ukiiweka kwenye ssh_args ya Ansible, unafuta thamani zake za awali, zikiwamo ControlMaster na ControlPersist=60s zinazofanya muunganisho mmoja utumike tena na tena, na kila hatua itaanza kufungua muunganisho upya. Watu wanashangaa mbona kazi imekuwa nzito ghafla.

Hata hivyo, ujumbe huo hauzuii kebo kukatika. Kwa kazi ndefu weka async: 3600 (kikomo cha sekunde za kazi) na poll: 15 (iulizwe kila sekunde 15). Kazi inajiendesha yenyewe kwenye seva, Ansible inapita kuuliza hali tu. Mtandao ukipotea, dpkg, kisakinishi cha vifurushi, haiachwi nusu njia.

Kuna siku kuongeza sekunde ni halali. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, pakiti zilipotea ovyo, na kuweka 30 pamoja na retries = 3 (kujaribu tena mara tatu) kulikuwa na maana. Mambo yakitulia, rudisha ilivyokuwa.

Kuhamisha hifadhidata siendeshi kutoka Malindi kabisa. Naingia kwenye mashine ndogo iliyo kwenye kituo kimoja cha data na seva, nafungua tmux (kikao kinachobaki hai hata muunganisho ukikatika), naendesha kila kitu humo. Stima ikipotea huku, ikirudi naandika tmux attach na kuona kazi imefika wapi.