Maruerue ni nini, na dawa zinazoyaleta

Maruerue ni kuona, kusikia au kuhisi kitu ambacho hakipo. Aliyeshikwa nayo haigizi: kwake yeye sauti ile ni ya kweli kama yako wewe uliyekaa mbele yake. Homa kali huweza kuyaleta. Lakini zipo dawa zinazojulikana hasa kwa hilo.

Inayotajwa sana ni LSD. Mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, aliitengeneza mjini Basel mwaka 1938. Aprili 19, 1943 akainywa yeye mwenyewe, mikrogramu 250, yaani robo tu ya miligramu. Alirudi nyumbani kwa baiskeli akisindikizwa na msaidizi wake, na jirani alipomletea maziwa, Hofmann akamwona jirani huyo kuwa ni mchawi. Daktari alipofika hakukuta kasoro ila mboni zilizopanuka sana. LSD hung'ang'ania vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana nayo habari. Basi rangi hukolea, ukuta huonekana unapumua. Ila tazama vizuri: jirani alikuwepo, na ukuta upo. Dawa imepotosha kilichopo, na mara nyingi mtumiaji hujua kwamba ni dawa.

Mimi naogopa zaidi mnanaha, ule mmea wa maua meupe kama tarumbeta na matunda ya miiba, unaojiotea mashambani na majalalani. Sumu zake, atropini na skopolamini, huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ya ubongo inayosaidia kumbukumbu na umakini. Mdomo hukauka, ngozi huwaka moto, moyo huenda mbio. Kisha mtu huanza kuongea na ndugu aliye mbali, ananyamaza kumsikiliza, anamjibu. Anachuna wadudu kwenye shati safi. Hayo ndiyo maruerue hasa: hajui kabisa kwamba haoni kweli, na akipona huenda asikumbuke lolote.

Wala si lazima mtu awe ametafuta kulewa. Machi 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa msaada uliochanganyika na sumu ya mmea huu uliugusa mwili na akili za watu karibu 300, 5 walifariki. Walikuwa wamekula uji tu.

Ndiyo maana huniuma kusikia mgonjwa wa namna hii amefungiwa chumbani, eti kapandwa na pepo. Mboni zikipanuka, mdomo ukikauka na mtu akianza kuongea ovyo ghafla, mkimbizeni hospitali na mbebe mabaki ya alichokula. Maruerue ya mnanaha huweza kudumu siku mbili, na muda huo wote joto na mapigo ya moyo yanahitaji kuangaliwa.