Umefungwa Holter? Angalia saa kabla hujaandika

ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya kulala kitandani huandika mwenendo wa moyo kwa sekunde 10 hivi. Kama moyo wako hukurupuka mara moja tu kwa siku, tena usiku wa manane, sekunde hizo 10 za asubuhi haziambulii kitu. Ndiyo maana unafungwa Holter, kifaa cha kuning'iniza shingoni au kiunoni kinachorekodi kila pigo kwa saa 24 au 48. Kwa siku moja ni mapigo kama 100,000. (Mmarekani Norman Holter, aliyekibuni, alianza na mtambo wa kubeba mgongoni wa kilo 38 hivi. Chako unaweza kukisahau.)

Rekodi huharibikia pawili: kwenye ngozi na kwenye karatasi ya matukio, ile unayoandikia dalili zako na saa zake.

Tuanze na ngozi. Siku ya kufungwa, oga vizuri, kwani vifaa vingi vya nyaya haviruhusu kuoga mpaka vivuliwe. Usipake mafuta, losheni wala poda kifuani. Kibandiko kinachoshika waya wa kifaa hakishiki juu ya mafuta. Mwenye nywele kifuani atanyolewa pale panapobandikwa, patafutwa kwa spiriti na kuachwa pakauke. Umeme wa moyo ukifika juu ya ngozi ni kama milivolti 1 tu, kwa hiyo uchafu kidogo unatosha kuuficha. Vibandiko vinawekwa juu ya mbavu na mfupa wa katikati ya kifua kwa sababu msuli nao una umeme wake. Ukikisogeza kimoja kwa kuwa kinakuwasha, umebadilisha picha nzima.

Jasho ndilo adui mkubwa, hasa kwa watu wa pwani. Vaa nguo ya pamba inayofunguka mbele, na uombe vibandiko vya akiba viwili au vitatu. Kikibanduka, kausha ngozi, bandika kipya palepale, rudisha waya wa rangi ileile, kisha andika saa. Waya ulioachia huweza kuchora mstari mnyoofu, na kwa anayesoma, mstari huo unafanana na moyo uliosimama kwa sekunde kadhaa. Kupiga mswaki nako kuna visa vyake: mkono unaotikisika upesi upesi huchora mawimbi mapana yanayofanana na mbio za hatari za vyumba vya chini vya moyo. Kukuna nazi na kufua kwa mikono ni hivyo hivyo. Usiache kuvifanya, andika tu. Msomaji akiona mapigo ya kawaida yakipenya katikati ya mawimbi hayo, na karatasi yako inasema "napiga mswaki", hana haja ya kukutisha.

Sasa karatasi, na hapa Waswahili tuna tatizo letu wenyewe. Mgonjwa anaandika "saa 3, moyo ulidunda". Saa 3 ipi? Inaweza kuwa 09:00 au 21:00. Na kama ameisoma kwenye simu, inaweza kuwa 03:00 au 15:00. Tukio moja, mahali panne pa kulitafuta! Nakili tarakimu za kwenye kioo cha kifaa kama zilivyo. Kama hakina kioo, linganisha simu yako na kifaa wakati wa kufungwa, uiweke kwenye mfumo wa saa 24. Dalili ikija, bonyeza kwanza kitufe cha tukio kwenye kifaa, kisha andika hivi: "21:40, nimepanda ngazi, moyo mbio, kizunguzungu, dakika 2." Andika pia saa ya dawa, ya kulala na ya kuamka. Dalili iliyokuja wakati mapigo yako sawa ni jibu pia, tena jibu zuri.

Usijilaze kutwa. Nenda sokoni, panda ngazi, meza dawa zako kama kawaida isipokuwa daktari amesema vingine. Kutawadha kunawezekana maadamu maji hayafiki kifuani, na kabla ya kusujudu kaza mkanda kifaa kisining'inie. Simu usiiweke mfuko wa kifuani. Kama una miadi ya MRI (picha ya mwili kwa mashine ya sumaku), sema mapema.

Jambo moja watu hulikosea kwa hatari: Holter ya kawaida haimwiti daktari. Inaandika tu. Ukizimia, kifua kikibana au pumzi ikikatika, kimbilia hospitali nayo kifuani. Usisubiri saa 24 zitimie.

Majibu yakitoka, usishtuke kuona mapigo 45 kwa dakika ukiwa usingizini, wala mapigo ya ziada machache. Wenye moyo mzima nao wanayo. Lakini kama siku hiyo dalili haikuja, rekodi safi haijamaliza kazi. Uliza kama kipo kibandiko kinachorekodi chenyewe kwa siku 7 au 14. Kwa anayezimia mara moja baada ya miezi kadhaa, kipo kifaa kidogo kinachopachikwa chini ya ngozi ya kifua, na betri yake hudumu miaka 3 au zaidi.